Kazi ya mteknolojia wa upasuaji katika kuunga mbavu zilizovunjika: mwongozo wa meza ya vyombo

Mfupa wa mguu ukishawekewa vyuma, mgonjwa hulazwa na mguu ukatulia. Ubavu hautulii. Mtu mzima anayepumua mara 14 kwa dakika huzitikisa mbavu zake zaidi ya mara 20,000 kwa siku, na bamba la kuungia ubavu utakalomkabidhi daktari litaanza kubeba mzigo huo mgonjwa akiwa bado mezani. Chini ya mfupa wenyewe, ambao kwa watu wazima wengi una unene wa milimita 8 hadi 12, kuna utando mwembamba, na chini ya utando kuna pafu. Ndiyo maana katika upasuaji huu makosa ya meza ya vyombo ni ya milimita au ya hesabu: ubavu siyo wenyewe, upande siyo wenyewe, skrubu imezidi urefu, skrubu moja haionekani.

Mwongozo huu ni wa anayesimama kwenye meza hiyo. Marekani kazi hii ni fani inayojitegemea, na chama chao, Association of Surgical Technologists, kipo tangu 1969. Tanzania na Kenya nafasi hiyo mara nyingi hushikwa na muuguzi wa chumba cha upasuaji. Cheo kinaweza kutofautiana, kazi ni ileile.

Soma faili na picha kwanza

Sababu inayojulikana zaidi ya kumleta mgonjwa mezani ni kifua kilicholegea: mbavu 3 au zaidi zinazofuatana, kila moja imevunjika sehemu 2 au zaidi. Kipande hicho cha ukuta wa kifua huingia ndani mgonjwa anapovuta pumzi, wakati sehemu nyingine inapanuka. Wengine huletwa kwa sababu vipande vya mbavu vimeachana sana, au maumivu yanawazuia kukohoa hata baada ya ganzi, au wameshindwa kuachishwa mashine ya kupumulia.

Kwa kawaida huungwa mbavu zilizo kati ya wa 3 na wa 10. Ubavu wa 1 na wa 2 umejificha nyuma ya mtulinga, jirani na mishipa mikubwa ya damu iendayo mkononi, na hatari ya kuufikia huzidi faida. Wa 11 na wa 12 unaelea tu, mchango wake katika kupumua ni mdogo. Hata katikati hapo si lazima kila ubavu uwekewe bamba. Daktari huchagua zile zitakazorudisha umbo la kifua.

Timu nyingi hulenga kufanya upasuaji ndani ya saa 72 tangu kuumia. Siku zikizidi, damu iliyovilia kifuani huganda na kushikamana na pafu, na ncha za mfupa huanza kufunikwa na mfupa mchanga. Hilo linakuhusu moja kwa moja: mgonjwa wa siku ya 8 anahitaji vijiko vya kukwangulia mfupa na koleo la kung'ata mfupa mezani. Kwa mgonjwa wa jana huenda usivihitaji kabisa.

Kutoka kwenye picha ya CT chukua mambo matatu: upande, namba za mbavu, na mahali kila moja ilipovunjika, yaani mbele, pembeni au nyuma. Mahali pa mvunjiko ndipo panapoamua namna ya kumlaza mgonjwa na vyombo vya kuandaa. Mivunjiko ya nyuma iliyofichwa na kombe la bega haifikiki kwa drili iliyonyooka. Inahitaji drili na bisibisi vyenye kichwa kilichopinda kwa nyuzi 90, na vyombo hivyo mara nyingi hukaa kwenye sanduku lake peke yake, ambalo halikuitishwa na mtu.

Siku moja kabla: sanduku la mabamba

Hospitali nyingi hazina mfumo wao wa mabamba ya mbavu. Huazima kutoka kwa msambazaji. Sanduku la kuazima lifike mapema kiasi cha kuoshwa, kukaguliwa na kutakaswa kwa mzunguko kamili. Mzigo wa otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke, ukiwa na vipandikizi huwekewa kipimo cha spora (vijidudu sugu vinavyoonyesha kama utakasaji umefaulu), na sanduku halitoki mpaka kipimo kijibu. Utakasaji wa haraka wa dakika za mwisho si wa vipandikizi. Daktari akisubiri mlangoni na sanduku halijawa tayari, sema wazi kwamba halijawa tayari.

Fahamu mfumo utakaoutumia, maana haifanani. MatrixRIB hutumia mabamba ya titani yenye unene wa milimita 1.5, skrubu za milimita 2.9 na biti, yaani ncha ya drili, ya milimita 2.2; mabamba yake mengine yamekwisha kukunjwa kiwandani kufuata mkunjo wa ubavu, ya kulia mbali na ya kushoto mbali. RibLoc hutumia bamba la umbo la U linaloukumbatia ubavu kwa juu, na saizi yake huchaguliwa kwa unene wa mfupa. Usichanganye mifumo: skrubu ya kampuni moja haina nyuzi zinazolingana na tundu la bamba la kampuni nyingine, hata kama kwa jicho zinafanana. Wala usiweke skrubu ya chuma cha pua kwenye bamba la titani.

Fungua orodha ya sanduku na uhesabu rafu ya skrubu urefu kwa urefu. Urefu unaotumika zaidi ndio unaoisha kwanza. Kila bamba linahitaji angalau skrubu 3 kila upande wa mvunjiko, kwa hiyo mbavu 5 zenye mvunjiko mmoja mmoja ni skrubu 30. Kama rafu ina skrubu 12 za milimita 10, upungufu huo ujulikane leo, sanduku la pili liitishwe.

Drili ya betri: betri 2 zilizojaa, moja kazini na moja ya akiba. Betri nyingi hazipiti kwenye otoklevu. Muuguzi mzungukaji, yule asiyenawa wala kuvaa gauni, huiingiza kupitia kikinga tasa (kisicho na vijidudu) unachokishika wewe, kisha kikinga hutolewa na kifuniko hufungwa bila wewe kugusa betri. Kama hamjawahi kufanya hivyo pamoja, fanyeni zoezi kabla mgonjwa hajaingia.

Kupanga meza

Msingi ni seti ya kawaida ya tishu laini: visu vya Na. 10 na 15, fosepsi za DeBakey, vibanio vya Kocher, vibanio vya pembe ya kulia, mikasi, na vishikio vya jeraha vya Army-Navy, Richardson na Weitlaner. Juu yake ongeza:

- vibandulio vya mfupa, cha Cobb na kile kidogo cha Freer, na kishikio cha kuinulia kombe la bega
- vibanio vya kuunganisha vipande vya mfupa, angalau 4, kwa sababu 2 vitabaki vimeshika bamba wakati kazi inaendelea
- kipimo cha unene wa mfupa, violezo laini vya bamba, koleo za kukunjia, kikata bamba
- drili, biti zenye kizuizi cha kina, vielekezi vya biti, bisibisi za mkono
- sindano kubwa ya maji ya mililita 20 kwa ajili ya kupoza biti
- bomba jipya la kifua, mara nyingi la saizi Fr 28 (Fr ni kipimo cha unene wa mirija), na chupa yake

Seti ya kufungua kifua, pamoja na kitanua mbavu cha Finochietto, vibanio vya mishipa ya damu na kibanio cha Satinsky, iwe chumbani. Haitafunguliwa kama haihitajiki, lakini isiwe kwenye stoo ya ghorofa nyingine.

Kama daktari atatumia kamera ya kifuani, iandae na uijaribu picha yake kabla ya ngozi kukatwa. Kama mashine ya eksirei itaingia, vaa aproni ya risasi kabla ya kunawa, maana baada ya gauni haiwezekani tena.

Dawa zote mezani ziwe na lebo ya jina na nguvu, hata kama ni moja tu. Tuseme una dawa ya ganzi, Bupivakaini ya 0.25%. Hiyo ni miligramu 2.5 kwa kila mililita. Kama daktari ameweka kikomo cha miligramu 2 kwa kilo, mgonjwa wa kilo 60 ana miligramu 120, yaani mililita 48, na hapo ndani imo pia ile aliyokwisha kupewa na daktari wa usingizi kwenye ganzi ya mgongoni au ya kifuani. Uliza amepewa kiasi gani. Kisha taja kwa sauti kila sindano inayotoka mezani pako.

Weka karatasi tasa na kalamu tasa pembeni. Chora jedwali: namba ya ubavu, mahali, bamba, skrubu kwa urefu. Utalijaza ubavu baada ya ubavu. Ndilo litakalokusaidia kwenye hesabu ya mwisho na kwenye faili la mgonjwa.

Kumlaza na kutandika

Mivunjiko ya mbele hutaka mgonjwa alale chali, ya pembeni alale kwa ubavu, ya nyuma alale kifudifudi au kwa ubavu akiwa ameegemezwa mbele. Kabla ya kumgeuza mtu wa ajali, timu ithibitishe shingo, uti wa mgongo na nyonga. Mgonjwa akilala kwa ubavu, shuka lililoviringishwa liwekwe chini kidogo ya kwapa la chini, si ndani ya kwapa, mishipa ya fahamu ya mkono isibanwe. Mto kati ya magoti, visigino viinuliwe. Bamba la kurudishia umeme wa dayathemi (kifaa cha umeme cha kukatia na kuzuia damu) likae kwenye paja lenye nyama. Baada ya kugeuza, daktari wa usingizi atahakiki tena mpira wa hewa, hasa ule wa njia mbili; mpe muda huo bila kumharakisha.

Ngozi isafishwe kutoka shingoni hadi kwenye nyonga, na kutoka ng'ambo ya mfupa wa kidari hadi kwenye uti wa mgongo, kwapa likiwa la mwisho. Mkono wa upande huo usafishwe wote na uvishwe soksi tasa ili uweze kusogezwa wakati wa kazi: mkono ukivutwa mbele, kombe la bega hupisha na mbavu za nyuma huonekana. Klorheksidini yenye spiriti iachwe ikauke kabisa, dakika 3 kwa uchache, na mahali penye nywele zaidi ya hapo. Madimbwi chini ya mgongo yakaushwe. Spiriti mbichi na cheche ya dayathemi huwasha moto chini ya shuka, na hakuna anayeuona mpaka ngozi imeungua.

Wagonjwa wengi huja na bomba la kifua tayari. Hilo lihesabiwe kuwa chafu. Ama litolewe kabla ya kusafisha, kama daktari wa upasuaji na wa usingizi wamekubaliana, ama litengwe kwa shuka la gundi nje ya eneo. Bomba jipya litapita kwenye tundu jipya. Uchafu uliotoka kwenye tundu la zamani ukifika kwenye titani huleta usaha unaoweza kulazimisha bamba kutolewa.

Kisimamo cha orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ile ya 2008, ambapo timu nzima husimama na kuhakiki, kifanyike kabla ya kisu. Wakati wake sikiliza dawa ya kuzuia maambukizi. Sefazolini gramu 2 huingia ndani ya dakika 60 kabla ya kukata na hurudiwa baada ya saa 4. Operesheni ya mbavu 6 inaweza kabisa kufika huko. Zamu yako ya kusema: taja upande, namba za mbavu, kwamba mabamba yapo na kipimo cha spora kimejibu.

Kuingia mpaka kwenye mfupa

Daktari huchora alama akitumia picha ya CT na mara nyingi altrasaundi. Mkato wa sentimita 8 hadi 10 unaweza kufikia mbavu 3 au 4, kwa sababu ngozi husogezwa juu na chini kama dirisha. Wewe na msaidizi ndio mnaolisogeza dirisha hilo, kwa hiyo kaeni na Richardson za saizi mbili mkononi.

Misuli mikubwa haikatwi ovyo siku hizi. Huachanishwa kufuata nyuzi zake. Dayathemi ipunguzwe nguvu karibu na pembeni ya kifua, maana hapo hupita neva inayoshikilia kombe la bega lisichomoze. Daktari akiomba bipola, dayathemi ya ncha mbili kama kibanio, mpe bila kuchelewa.

Utando wa nje wa mfupa hauvuliwi wote. Daktari hufungua sehemu ya uso wa nje tu inayolingana na bamba, kwa sababu utando huo ndio unaolisha mfupa. Kibandulio hupita upande wa juu wa ubavu. Chini ya kila ubavu, kwenye mfereji wake, kumejipanga vena, ateri na neva. Hapo ndipo damu hutoka kwa ghafla. Kuwa na uzi wa hariri wa 2-0 umekatwa tayari na klipu zimepakiwa wakati wote wa hatua hii.

Vipande vikishainuliwa na kurudishwa mahali pake, vibanio vya mfupa huvishika. Kama kipande kimezama ndani, daktari ataomba kibanio cha pembe ya kulia kukinyanyua. Kisukumwe taratibu, ncha ya ubavu uliovunjika ina makali ya kutosha kupasua pafu kwa mara ya pili.

Kupima, kukunja, kutoboa, kufunga

Hapa ndipo kazi yako inapokuwa nzito kuliko pengine pote.

Pima kwanza. Daktari huubana ubavu kwa kipimo karibu na mvunjiko, wewe unasoma na kutamka. Urefu wa skrubu ni unene wa mfupa pamoja na unene wa bamba. Ubavu wa milimita 8.5 na bamba la 1.5 ni skrubu ya 10. Skrubu ikiwa fupi, haishiki ganda la ndani la mfupa, na ganda la ubavu ni jembamba kiasi kwamba skrubu ikishika upande mmoja tu itachomoka kwa kikohozi. Ikiwa ndefu, ncha hukwaruza pafu kila pumzi. Ubavu mmoja huweza kuwa mnene nyuma na mwembamba mbele, kwa hiyo kipimo cha mvunjiko mmoja si cha mvunjiko mwingine. Pimeni upya kila mahali, hata daktari akisema "endelea na ileile". Mkumbushe kwa upole: "Daktari, tupime na huu?"

Bamba. Kiolezo laini hulazwa juu ya mfupa, huchukua mkunjo, kisha bamba hukunjwa kukifuata. Kunja mara moja kwa makini. Titani ikikunjwa huku na kunyooshwa na kukunjwa tena huchoka kwa ndani bila kuonyesha alama yoyote, na bamba lililochoka hukatika miezi kadhaa baadaye mgonjwa akiwa nyumbani. Koleo zishike kati ya matundu, si juu ya tundu. Tundu likipinda, nyuzi zake hazipokei tena kichwa cha skrubu. Bamba likikatwa, funika kikata kwa kiganja au shashi yenye unyevu ili kipande kisiruke, kihesabu, na ulainishe ncha iliyokatwa.

Drili. Kabla ya kuikabidhi: biti imekaza, kizuizi cha kina ni cha urefu uliotamkwa, swichi iko mbele, ncha imeelekea chini mbali na mikono. Kielekezi cha biti kifungwe kwa nyuzi kwenye tundu la bamba mpaka kisimame wima. Kikikaa kimeinama hata kidogo, biti itaingia kimshazari na kichwa cha skrubu hakitakaa sawa na bamba. Daktari akianza kutoboa, msaidizi anadondosha maji ya chumvi tasa kwenye biti mfululizo. Mfupa unaofikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja huanza kufa, na mfupa uliokufa kuzunguka skrubu huiachia. Biti butu hupasha joto kuliko yote. Biti ikianza kutoa vumbi jembamba badala ya vipande, au daktari akionekana kusukuma, ibadilishe.

Biti ikitoka, itazame ncha yake. Kila mara. Ikiwa imepungua, sema papo hapo kabla skrubu haijaingia.

Skrubu. Simamisha bisibisi wima juu ya kichwa cha skrubu ndani ya rafu, bonyeza mpaka uhisi imeshika, inyanyue polepole. Iweke kwenye kipimo cha rafu usome urefu kwa macho yako. Skrubu ya 12 iliyorudishwa kimakosa kwenye tundu la 10 ni kosa lililowahi kupita kwenye mikono ya wengi. Mkabidhi daktari ukitamka: "Ubavu wa 6 kulia, milimita 10." Naye arudie: "Kumi." Muuguzi mzungukaji anaandika, wewe unaandika kwenye jedwali lako. Mwendo huo unaonekana wa polepole kwenye skrubu ya kwanza. Kufikia ya tano, mikono mitatu imekwisha kupata mpigo mmoja.

Kukaza kwa mwisho hufanywa kwa mkono. Drili huweza kukaza mpaka kichwa cha skrubu kikashikamana na bamba kisitoke tena, au nyuzi zikala mfupa. Skrubu za kwanza ziwe zile zilizo karibu na mvunjiko au za ncha za bamba, kufuatana na kitabu cha mfumo wenu.

Yanapoharibika

Skrubu inazunguka bila kushika. Hutokea kwa wazee na kwa mifupa iliyolainika. Mifumo mingi ina skrubu nene zaidi ya uokoaji. Jua iko safu gani kwenye rafu. La sivyo daktari atahamia tundu jingine, na bamba refu zaidi ndilo suluhisho. Kuwa na bamba la saizi inayofuata limeshafunguliwa mawazoni mwako.

Skrubu imedondoka kifuani. Kazi isimame. Titani haivutwi na sumaku, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta hivyo. Mwambie msaidizi asitumie saksheni (mashine ya kufyonza) mpaka eneo litazamwe, maana skrubu ya milimita 8 hupita kwenye mpira wa saksheni kirahisi. Kama saksheni ilikuwa inafanya kazi, chujio na chupa yake vikaguliwe. Kisha kamera ya kifuani, kisha eksirei.

Damu nyingi kutoka chini ya ubavu. Mpe daktari shashi kubwa ya kukandamiza, saksheni ya pili, kisha kibanio cha pembe ya kulia na uzi au klipu. Wakati huohuo mwambie muuguzi mzungukaji alete seti ya kufungua kifua karibu na meza, asisubiri kuulizwa.

Presha ya hewa kwenye mashine imepanda na presha ya damu imeshuka. Daktari wa usingizi ataisema kabla yenu kuiona. Hewa inaweza kuwa imejifungia kifuani. Kisu, kibanio kilichopinda na bomba la kifua viwe mkononi mwako kabla sentensi yake haijaisha.

Kuosha kifua na kuweka bomba

Damu iliyoganda hutolewa, kifua huoshwa kwa maji ya chumvi tasa ya uvuguvugu, nyuzi joto 37 hadi 40. Andika kiasi ulichotoa. Bila namba hiyo daktari wa usingizi hawezi kukadiria damu iliyopotea kutoka kwenye chupa ya saksheni. Kama kamera ipo, ndipo ncha za skrubu hukaguliwa kwa ndani. Ncha iliyopenya utando na kuonekana imechomoza hubadilishwa sasa, si kesho.

Kupima kama pafu linavuja: kifua hujazwa maji, daktari wa usingizi hulijaza pafu hewa taratibu, na wote hutazama uso wa maji. Kiputo kimoja kimoja mwanzoni huweza kuwa hewa iliyobaki pembeni. Mnyororo wa viputo unaotoka sehemu moja ni pafu lililotobolewa, na uzi mwembamba wa kushona pafu uwe tayari.

Bomba huingizwa kupitia tundu lake na kushonwa kwa hariri Na. 0. Chupa ya maji iwe imeshajazwa na kuunganishwa kabla kibanio hakijaachiwa, mrija wake ukiwa umezama sentimita 2 chini ya maji. Kama itavutwa kwa saksheni, kipimo cha kawaida ni sentimita 20 za maji. Chupa isinyanyuliwe juu ya kifua hata kwa sekunde chache za kumhamisha mgonjwa. Maji yatarudi ndani.

Kuhesabu na kufunga

Hesabu ya kwanza ilikuwa kabla ya kukata. Ya pili ni kabla ya kufunga utando wa kifua kama ulifunguliwa, ya tatu kabla ya kushona misuli, ya mwisho kwenye ngozi. Ongeza moja kila mtu anapopokezana zamu. Kifua kikishakuwa wazi, shashi ndogo zisizoshikwa na kibanio zitoke mezani. Zibaki kubwa zenye uzi wa eksirei na pete inayoning'inia nje.

Skrubu zina hesabu yake: zilizotoka kwenye rafu ziwe sawa na zilizo mwilini pamoja na zilizokataliwa. Zilizokataliwa ziweke kwenye kikombe kimoja, usizirudishe kwenye rafu kamwe. Vipande vya bamba na biti vihesabiwe pia. Hesabu isipotimia, eksirei ipigwe mgonjwa akiwa bado mezani, hata kama kila mtu ana hakika.

Misuli hushonwa kwa uzi wa Vicryl Na. 0 au 1, chini ya ngozi 2-0, ngozi kwa uzi au stepla. Meza yako ibaki tasa, bila kuvunjwa, mpaka mgonjwa ametolewa mpira wa hewa na kuondoka chumbani. Kifua kinaweza kufunguliwa tena dakika 10 baada ya plasta.

Stika za vipandikizi, zenye namba ya toleo, zibandikwe kwenye faili na kwenye kitabu cha chumba, zikilinganishwa na jedwali lako. Vyombo vilowekwe kabla damu haijakauka, hasa vielekezi vya biti, ambavyo tundu lake hushika vipande vya mfupa visivyoonekana. Kisha, kabla sanduku halijafungwa, andika kwenye karatasi yake skrubu zilizobaki kwa kila urefu. Kama za milimita 10 zimebaki 3, ziitishwe sasa, maana majeruhi mwingine anaweza kufika usiku huohuo.